Pofu wa Mzee Njiku

Mzee Njiku alifanya kazi ya kuhesabu wanyama kwa zaidi ya nusu ya umri wake, na katika muda wote huo hakuhesabu hata mnyama mmoja. Siku tulipomzika pale Unyambwa, mwanawe mkubwa alisoma wasifu wa marehemu kwenye karatasi mbili zilizochapwa vizuri, na alipofika kwenye maneno "alihesabu wanyamapori wa mbuga ile kwa uaminifu mkubwa" waombolezaji walitikisa vichwa kukubali. Mimi niliinama nikatazama viatu vyangu. Sentensi ile ina mambo mawili, kuhesabu na uaminifu. La kwanza najua si kweli, maana nilikuwa karani wake kwa mwaka mmoja na nilijaribu kila njia kumfanya ahesabu. La pili ndilo lililonirudisha nyumbani siku ile nikatafuta kalamu.

Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri majibu ya chuo, na mtu mmoja wa ofisi ya maliasili alimwambia mama kwamba kituo cha wanyamapori kilichoko mbugani kinatafuta karani wa muda anayejua kupiga taipu. Ilikuwa miaka ile ambayo neno lililokuwa mdomoni mwa kila mtu ni ruksa. Ruksa kuleta gari, ruksa kufungua duka, ruksa kuuza sabuni yenye jina la Kizungu mbele ya msikiti. Foleni za sukari zilikuwa zimekwisha, na badala yake watu walipanga foleni kutazama marobota ya mitumba yakifunguliwa. Nilipanda basi stendi ya Singida nikiwa nimevaa koti la mitumba lililoandikwa mgongoni maneno ambayo sikuyaelewa mpaka nilipofika mwaka wa pili chuoni. Nilishuka Mkiwa, pale njia zinapogawanyika, na wanawake waliokuwa wakiinua beseni za vitunguu na kuku waliofungwa miguu hadi kwenye madirisha ya basi waliniuliza nakwenda wapi. Nilipowaambia, mmoja alisema, "Huko kuna watu kweli?" Mwenzake akamjibu, "Wapo. Wawili watatu. Wengine ni wanyama." Dereva wa kituo, Idi, kijana mwembamba mwenye maneno machache, alikuwa akinisubiri kwenye Land Rover ambayo mlango wake mmoja ulifungwa kwa waya. Alinisalimia, akaweka sanduku langu nyuma juu ya magunia ya uwele, na tukaondoka.

Kwa saa nyingi njia ilipita ndani ya vichaka vya Itigi, vichaka vilivyoshikana kiasi kwamba huoni hatua tatu ndani yake, na nilianza kujuta. Halafu vichaka vikakoma ghafla, kama mtu aliyekatwa maneno, na mbele yetu kukawa na nyasi tu. Jina lake la kwenye ramani silitaji hapa. Sisi tulioishi pale tuliiita Mbuga, basi. Ilikuwa kiangazi, nyasi zina rangi ya mkate, na upepo ulizilaza upande mmoja halafu ukabadili mawazo ukazilaza upande wa pili. Sikuona mnyama hata mmoja. Nilimwuliza Idi wako wapi. Alinyoosha kidevu kuelekea mbele na kusema, "Wanakutazama wewe kwanza."

Chumba nilichopewa kilikuwa zamani sehemu ya stoo. Kitanda cha kamba, dirisha la wavu wa chuma, meza yenye mguu mmoja mfupi ulioegemezwa kwenye kopo la maziwa ya unga. Upande wa pili wa ukuta, ambao ulikuwa wa mabanzi na haukufika juu, kulikuwa na mitego ya nyaya ya majangili iliyokamatwa miaka yote, imefungwa mafungu mafungu kama mboga za sokoni, na kila upepo ulipovuma ilisuguana. Niliizoea baada ya wiki. Kilichonichukua muda zaidi ni ukimya wa mchana. Mjini ukimya una maana mtu amekasirika. Pale ulikuwa ni hali ya hewa tu, na leo, nikiishi karibu na barabara ambapo bodaboda hazilali, mara nyingine nafumba macho nikijaribu kuusikia ule ukimya, nami nausikia kidogo.

Chakula kilipikwa na Mama Ndahani, mwanamke wa Kigogo, mjane, ambaye alikuja pale na mumewe aliyekuwa askari, na mume alipofariki hakuna aliyekumbuka kumwambia aondoke. Jiko lake lilikuwa banda la miti lililosilibwa udongo, na ndani yake mlikuwa na joto, moshi, na habari zote za kituo. Tulikula ugali wa uwele, mlenda uliotiwa karanga, maziwa mgando yaliyoletwa na wafugaji wa nje ya mpaka wa Mbuga, na siku za bahati kuku, ambaye Idi alimchinja ili nami niweze kula. Asali haikukosekana. Mama Ndahani aliiweka kwenye kibuyu juu ya rafu na alikuwa akiniambia, "Kula, we mtoto wa mjini, huko kwenu asali inauzwa kwa kijiko." Hapo jikoni ndipo nilipomfahamu Mzee Njiku. Alikuwa Mnyaturu wa upande wa Ikungi, mrefu, mguu mmoja una kovu la ngiri, na kofia yake ya kazi ilikuwa imeoshwa mpaka haikuwa na rangi tena. Yeye na Mama Ndahani hawakuwahi kusalimiana bila kutukanana kwanza, kwa utani wa makabila yao.

"Shikamoo, Mzee," nilimwambia siku ya kwanza.

"Marahaba, mwanangu. Umekaribishwa na huyu Mgogo? Chunga kanga yako. Ataiomba."

"Mwache mtoto," alijibu Mama Ndahani bila kugeuka. "Yeye ana kanga. Wewe ukioga mke wako anavaa nini, si hiyo hiyo suruali?"

"Mke wangu anavaa ng'ombe sita."

"Sita! Umewahesabu leo?" Na Mama Ndahani akacheka mpaka akashika ukuta. Sikuelewa kilichomchekesha. Nilielewa wiki mbili baadaye.

Mkuu wa kituo, Bwana Kessy, alikuwa mtu wa Kilimanjaro, mpole, mwenye kidonda cha tumbo, ambaye aliishi kwa kusubiri uhamisho. Kazi aliyonipa ilikuwa kuandaa fomu ya mwaka ya idadi ya wanyama, nakala tatu. Alinipa na fomu za nyuma kama mfano. Mbuga ile ilitengwa hasa kwa ajili ya pofu, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala anayefanana na ng'ombe kuliko ng'ombe wengine ninaowajua, kwa hiyo mstari wa pofu ulikuwa wa kwanza. Mia na hamsini. Mwaka uliofuata, mia na hamsini. Halafu mia na sitini, halafu mia na hamsini tena. Mimi ni mtu ninayependa mambo yapangike, na namba zile zilinikera. Nilimwuliza zimetoka wapi. Alisema kila mwaka humwuliza Njiku, ambaye ndiye anayezunguka, na Njiku humwambia.

"Hukwambia mia na hamsini?"

"Huniambia wapo." Bwana Kessy alikunja uso, sijui kwa aibu au kwa tumbo. "Akisema wapo kwa furaha, nilikuwa naongeza kumi."

Nikaenda kwa Mzee Njiku na daftari. Alikuwa amekaa kwenye kigogo akishona kiatu. Nilimwuliza pofu wako wangapi. Alisema wapo. Nikauliza, wangapi? Alisema wapo wote. Nikasema, wote ni wangapi, Mzee? Alivuta uzi, akaukata kwa meno, akaniangalia kwa huruma kabisa, kama mtu anayemwangalia mtoto wa watu aliyepotea njia, akasema, "Wote, mwanangu. Hakuna aliyekosekana."

Wiki ile ile kituo kiliitwa kwenye redio ya upepo. Redio ile ilikuwa ofisini kwa Bwana Kessy, lakini ilibidi apige kelele ili asikike, na yule wa upande wa pili naye alipiga kelele, kwa hiyo mimi na Mama Ndahani tulisikia kila kitu tukiwa tunachambua mlenda. Sauti ilisema serikali inapunguza wafanyakazi, vituo vidogo vinapitiwa kimoja kimoja. Ilisema namba zetu za pofu zinafanana kila mwaka kama za mwanafunzi anayenakili. Afisa angekuja mwenyewe kabla ya mvua. Mbuga ikikutwa na pofu wasiofika mia, hakuna sababu ya kuweka kituo. Kingefungwa, na askari wake wangepunguzwa. Kisha Bwana Kessy akasema "sawa" mara nne, na redio ikazimika.

Mama Ndahani aliendelea kuchambua mlenda. "Yule mzee," alisema baadaye, "ukimtoa hapa atakwenda kukaa nyumbani atazame ukuta. Mwaka mmoja hamalizi." Alitupa majani mabovu mlangoni. "Usimwambie bado."

Kesho yake nilimwomba Mzee Njiku anichukue Mbugani. Tuliondoka alfajiri kwa miguu, yeye mbele na bunduki yake ya zamani ambayo nadhani ilimsaidia zaidi kama fimbo, mimi nyuma na koti langu la mitumba. Jua lilipopanda nyasi zilianza kutoa watu wake. Ndivyo alivyosema yeye, watu wake. Tohe wawili, swala wa nyasi ndefu, waliokuwa wamelala waliruka karibu na miguu yetu wakipiga mluzi. Mbuni jike alisimama mbali, ametoa shingo tu. Tandawala, ndege mkubwa wa nyikani, alitembea mbele yetu polepole, hana haraka ya kuruka, na ndege karani mwenye miguu mirefu alipita akikagua ardhi, na Mzee Njiku akasema, "Mwenzako huyo. Msalimie." Nilikuwa sijawahi kufurahi vile nikiwa na njaa. Kisha tukapanda juu ya kichuguu kikubwa na chini yake walikuwa pofu.

Nilikuwa nimewawazia kama swala wakubwa. Walikuwa kama zizi la tajiri lililoachwa wazi. Miili minene ya rangi ya udongo wa kikahawia, milia myembamba myeupe ubavuni kana kwamba mtu amepitisha chokaa kwa kidole, ngozi ya shingoni ikining'inia, pembe zimesokotwa. Walipotembea nilisikia sauti, tak, tak, tak, kama mtu anayevunja vijiti, nikadhani kuna majangili. Mzee Njiku alisema ni magoti yao. Pofu mzito akitembea magoti hulia. Tulikaa muda mrefu tukisikiliza magoti. Halafu nikakumbuka kazi yangu. Nikanyoosha kidole na kuanza: moja, mbili, tatu.

Alinishika mkono. Hakunipiga, aliukunja tu ule mkono wangu taratibu, kidole kwa kidole, mpaka ukawa ngumi. "Kunja, mwanangu. Kiumbe hai hahesabiwi kwa kidole."

Alinieleza tukiwa njiani kurudi. Kwao mfugaji hahesabu ng'ombe. Anawajua. Jioni wanapoingia zizini anasimama mlangoni na kuwatazama wakipita, na akikosekana mmoja atajua ni yupi kabla hajajua ni wangapi. Alipokuwa mdogo alikuja karani wa kodi nyumbani kwao, akanyoosha kalamu akahesabu zizi zima kwa sauti, na kabla ya mavuno ugonjwa ukaingia. "Sisemi ni kalamu iliyowaua," alisema. "Nasema baba yangu alimwonya, na yule akacheka. Basi. Mimi tangu hapo sijajaribu." Nilimwambia serikali inataka namba. "Serikali iniulize ni nani hayupo. Nitaiambia."

Ilikuwa jikoni, siku hiyo hiyo jua likiwa bado halijazama, ndipo nilipopata njia, na mpaka leo naiona kama jambo la busara kuliko yote niliyowahi kubuni kazini, ingawa sina hakika kama lilikuwa jema. Nilimwambia Mzee Njiku asinitajie namba. Anitajie wao. Mmoja mmoja, alivyo, nami nitamwandika kila mmoja kwenye mstari wake. Alifikiri. Akauliza kama nitaweka namba pembeni ya mistari. Nikasema sitaweka. Akauliza kama nitawahesabu baadaye. Nikasema hapana. Akavuta kigoda karibu na moto.

Kwa majuma mawili, kila jioni kabla ya chakula, alinitajia. Alifumba macho na kuanza upande wa mashariki, kwenye kisima cha chumvi, akizunguka kama anavyozunguka kwa miguu. Jike mwenye pembe ya kushoto iliyopinda kuelekea sikioni. Binti yake, anayemfuata daima, mkia hauna nywele. Dume mzee wa rangi ya majivu, anatembea peke yake, goti moja halilii. Dume kijana anayejifanya mkubwa. Jike mwenye hasira. "Hasira za namna gani?" niliuliza, kwa kuwa nilitaka usahihi. "Za namna ya huyu," alisema akimwonyesha Mama Ndahani kwa kijiti, naye akamrushia ganda la karanga. "Andika, Karani," alisema Mama Ndahani, "andika pia kuna dume zee lenye kofia chafu, halijui kuhesabu, linakula mara tatu." Nilicheka nikaharibu mstari. Sijui kama nimewahi tena kukaa sehemu ambayo kazi, chakula na kicheko vilikuwa kitu kimoja kiasi kile. Nilijifunza kumwona mnyama kwa kumsikia akielezwa, kisha asubuhi nikienda na Mzee Mbugani nilimtambua: huyu hapa jike wa hasira. Alikuwa na hasira kweli.

Jioni ya mwisho alifumbua macho na kusema, "Wamekwisha. Wote wapo." Nikafunga daftari. Kesho yake mchana, joto limewalaza wote, nilikaa chumbani kwangu na lile daftari mapajani. Nilikuwa nimeahidi. Lakini daftari lilikuwa na mistari, na ukurasa una idadi yake ya mistari, na akili yangu ilikuwa imeshafanya nusu ya kazi bila ruhusa. Nikamalizia. Walikuwa tisini na wanne.

Nilimwambia Mama Ndahani tu. Alifunika chungu, akajifuta mikono, akatoka. Kutoka dirishani nilimwona akizungumza na Mzee Njiku kwenye kigogo chake, na kwa mara ya kwanza sikuwasikia wakitukanana.

Mzee Njiku hakuonekana siku mbili. Jioni ya tatu alikuja jikoni, akaketi, akasema, "Fungua daftari. Kuna waliobaki." Nikauliza waliobaki wapi. "Kusini, ng'ambo ya tope. Wale hawapendi watu, niliwasahau." Akaanza. Kumbukumbu yangu juu ya jioni ile ni safi: hakufumba macho. Alitazama moto, na aliwataja haraka, bila kusimama kutafuta neno kama alivyozoea. Jike mwekundu, milia mitatu tu ubavu wa kulia, ana ndama asiye na milia. Huyo ndama wake. Dume mwenye shavu lililopasuka. Wakaja kumi na mmoja. Niliandika wote. Mama Ndahani alikuwa akikoroga ugali na hakutania hata mara moja.

Afisa alikuja baada ya wiki moja, kijana kuliko nilivyotegemea, miwani ya jua, kikokotoo mfukoni. Bwana Kessy alimkabidhi daftari kwa mikono miwili. Afisa alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, akainua uso. "Hii ni nini? Orodha ya wanaobatizwa?"

"Ni pofu," nikasema.

"Ni wangapi?"

Mzee Njiku, aliyekuwa amesimama mlangoni, aligeuka akatoka nje, na afisa akahesabu mistari kwa ncha ya kalamu, midomo ikimcheza. Mia moja na tano. Aliandika mahali. Kisha akasema, kwa sauti isiyo na ubaya, kwamba hata yeye anaweza kukaa jikoni akabuni ng'ombe mia. Alifumba macho, akaweka kalamu kwenye daftari mara tatu, akapiga alama mistari mitatu. "Huyu, huyu na huyu. Nionyesheni."

Wa kwanza alikuwa jike wa pembe iliyopinda, na tulimpata kabla ya saa nne, karibu na kisima cha chumvi, binti yake nyuma. Afisa alitazama kwa darubini, akalinganisha na maandishi, akacheka kidogo. Wa pili alikuwa dume wa rangi ya majivu. Tulimkuta peke yake kama ilivyoandikwa, na afisa akacheka tena, akasema rangi yaweza kuwa ya dume yeyote mzee. Mzee Njiku akamwambia azime kicheko chake na asikilize. Idi akazima gari. Dume alipita mbele yetu bila kutujali, na tulisikia: tak, kimya, tak, kimya. Goti moja lilikuwa linalia na jingine halilii. Afisa alivua miwani. Nilimwona akiwa mtoto kwa dakika ile, na nilimpenda.

Wa tatu alikuwa jike mwekundu wa milia mitatu.

"Huyo yuko kusini," alisema Mzee Njiku. "Ni kutwa nzima kwa miguu, na tope."

Afisa alitazama viatu vyake, akatazama jua. Kesho yake alitakiwa Manyoni. Alifungua daftari kwenye ukurasa ule wa mwisho, na nadhani aliona kitu, kwa kuwa mwandiko wangu pale ulikuwa wa haraka, tofauti na kurasa nyingine. Akanigeukia. "Karani. Wewe huyu umemwona?"

Mzee Njiku hakuniangalia. Alikuwa anatazama nyasi, mikono yote miwili juu ya bunduki. Nilikuwa na muda wa kutosha kufikiri, nisijisingizie kwamba sikuwa nao.

"Nimemwandika mimi mwenyewe," nikasema.

Afisa alifunga daftari. "Haya," alisema. "Nitaandika mlivyosema."

Barua ilifika mvua zilipokwisha kuanza. Kituo kingeendelea mpaka hapo itakapoelekezwa vinginevyo. Sababu haikutajwa. Bwana Kessy aliisoma kwa sauti jikoni, na Mama Ndahani alichinjisha kuku wawili, na Mzee Njiku alikula, akasifu mchuzi, akasema Mgogo akijifunza zaidi ataolewa tena. Sikuwahi kumwuliza kama wale kumi na mmoja wa kusini walikuwepo kweli. Mara mbili nilianza, na mara zote mbili aliniangalia kwa upole ule ule wa siku ya kiatu, nami nikauliza jambo lingine. Sikumwambia kwamba nilihesabu, lakini alijua. Naye hakunilaumu. Mwaka ule naukumbuka kama mwaka wa raha, na siuoni mkanganyiko wowote katika kusema hivyo.

Siku yangu ya kuondoka, njia ilikuwa mbovu na Idi aliendesha akiwa ametoa kichwa dirishani. Tulipokuwa tunakaribia vichaka nilimwuliza kama amewahi kufika upande wa kusini, ng'ambo ya tope.

"Gari halifiki kule, dada. Kule anakwenda Mzee peke yake." Alibadili gia. "Lakini siku moja nilimwona anarudi kutoka huko. Tope mpaka kiunoni. Anacheka peke yake kama mtu aliyetoka harusini."

"Alisema ameona nini?"

"Hakusema. Mimi sikumuuliza."

"Ilikuwa lini, Idi? Ni kabla sijaandika ule ukurasa wa mwisho, au baada?"

Alifikiri. Alifikiri kupita vichaka vyote vya Itigi, au mimi nilidhani anafikiri, mpaka tukaona bati za Mkiwa na wanawake wa vitunguu wakikimbilia basi la Singida. "Kabla," alisema. Alishusha sanduku langu, akalipangusa vumbi, akanipa mkono. Alipokwisha kupanda tena na kuwasha gari alitoa kichwa dirishani.

"Au baada," alisema.